Subira Si Kumziba Mtoto Mdomo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ewe ndugu msomaji, nakuandikia kutoka Songea, mji ulio mbali na bahari, ambako nimesomesha watoto Kur-ani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi ni mtu wa pwani kama wewe. Nimezaliwa Kilwa, na huko ndiko nilikokaa mbele ya masheikh zangu. Nayatanguliza haya ili usije ukasema: "Hayo ni mambo ya bara, sisi hayatuhusu." Nitakayoyasema yamo katika nyumba za Songea, na yamo vile vile katika nyumba za Kilwa, Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja. Tafauti ni kuwa nyumba nyingine zina milango mizito zaidi.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, wakati baridi ya Songea inapowaingiza watu ndani mapema, alinijia mtu mmoja baada ya sala ya Isha. Ni mtu mzima, ana mke na mtoto, na zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Alinitolea salamu kwa adabu, akakaa kitambo bila ya kusema neno. Kisha akaniambia: "Maalim, sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuuliza dawa."

Nikamwambia aseme. Akasema kuwa usiku halali. Akasema mwanawe wa miaka minane akikosea herufi moja katika kusoma, mkono wake huinuka kabla ya akili yake kujua, na akisha kumpiga hujiona yeye mwenyewe ni yule mtoto aliye chini, naye hutoka nje akalia. "Na katika kulia kwangu, Maalim," akasema, "nasikia sauti ya bakora yako."

Jee, ndugu msomaji, unadhani nilimjibu nini? Nilimjibu yale tuliyozoea kuyajibu. Nilimwambia: "Subiri mwanangu, zidisha istighfari, samehe na usahau." Nikamwandikia kombe. Alikunywa, akanibusu mkono, akaenda zake kama alivyokuja. Haikupita miezi mingi mkewe akarudi kwao pamoja na mtoto.

Mzee mmoja katika jamaa zake ndiye aliyemtoa katika shida ile. Alimpeleka hospitali, akakutanishwa na mtu aliyesomea ushauri nasaha, akawa anakwenda kwake kila wiki kwa muda wa miezi kadhaa, wanakaa na kuzungumza. Hakudungwa sindano. Leo mkewe yuko nyumbani, na mwanawe anasoma mbele yangu bila ya kutetemeka.

Ungetaraji kuwa watu wangemshukuru Mwenyezi Mungu. Wapi! Khabari zilipoenea, baadhi ya watu walisema kuwa amerukwa na akili. Wengine walisema ametoa siri za wazee wake kwa mtu baki. Na nimemsikia kwa masikio yangu mhubiri mmoja akisema katika waadhi kuwa Muislamu akienda kumweleza binaadamu mwenziwe huzuni za moyo wake badala ya kumweleza Mola wake, imani yake ina kasoro. Waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali. Hilo ndilo lililonitoa kalamu mfukoni, kwani mimi ninajua nani aliyemtia mtu yule jeraha lile.

Basi nasema wazi: jeraha alilolipata mtu utotoni, la kipigo, la kutukanwa, la kuachwa yatima bila ya mtu wa kumpakata, au la kuingiliwa mwili wake na mtu aliyeaminiwa, ni maradhi kama maradhi mengine. Tiba yake ya mazungumzo ni halali, tena yatakikana. Na mwenye kumzuia mgonjwa asiiendee kwa jina la dini anaisingizia dini jambo ambalo halikusema. Zichukuwe hoja zao moja moja, tuzipime.

Hoja ya kwanza wasema: "Mwenye imani husubiri, na humshitakia Mwenyezi Mungu peke yake, kama alivyofanya Nabii Yaaqub." Jawabu: Isome Sura Yusuf yote, usikate aya moja ukaikimbilia. Nabii Yaaqub (A.S.) ndiye aliyeahidi subira njema, na ni huyo huyo aliyelia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Aliita jina la Yusuf kwa sauti, na wanawe wakamsikia, wakamlaumu, kama mnavyowalaumu wenzenu leo. Yeye hakunyamaza kwa lawama yao, na Mwenyezi Mungu hakumtoa katika wenye kusubiri. Basi subira ni kutoiwacha njia ya Mwenyezi Mungu ukiwa umo katika maumivu. Mwenye kukanusha kuwa yuaumia hajasubiri bado; amesema uwongo tu.

Mtazame na Yusuf mwenyewe. Huyu alitupwa kisimani akiwa mtoto, na waliomtupa ni ndugu zake. Aliuzwa. Alipofika cheo kikubwa na wale ndugu wakasimama mbele yake, jee, aliwaambia kuwa hapakutokea kitu? La. Kwanza aliwauliza kama wanajua waliyomfanyia Yusuf na ndugu yake. Alikitaja kitendo. Wao wakakiri kosa. Kisha ndipo akawaambia hapana lawama juu yao leo. Huo ndio utaratibu wa Kur-ani: jambo hutajwa, hukiriwa, ndipo husamehewa. Sisi tumeukata mwanzo na kati, tukambakishia mtoto mwisho peke yake: "Samehe na usahau." Atasamehe kitu gani, na hakuna aliyekubali kuwa kilitendeka?

Hoja ya pili wasema: "Hayo ni mambo ya Kizungu." Jawabu: Lau wangejua, wangeona haya. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani zaidi ya miaka elfu iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya masilahi ya miili na ya nafsi. Alieleza kuwa kama mwili unavyougua ndivyo na nafsi inavyougua, na akawalaumu matabibu wanaotibu mwili na kuiwacha nafsi. Katika dawa za khofu, hasira na huzuni alitaja maneno: yale ambayo mtu hujisemeza mwenyewe, na yale anayoambiwa na mwenziwe mwenye hekima. Na huko Misri, Sultan Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo mwaka 1284, nayo ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili, wakitunzwa kama wagonjwa wengine.

Tena litazame jina lenyewe. Watu wa hospitali wanaiita kazi hii "ushauri nasaha". Shauri ni letu na nasaha ni yetu! Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa dini ni nasaha. Na ametuamrisha tujitibu, akatujulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameleta na dawa yake, isipokuwa uzee. Hakusema ugonjwa wa tumbo pekee. Na siku alipomwona Abu Umayr, mtoto mdogo, amehuzunika kwa kufa ndege wake mdogo, alimwita kwa kuniya yake akamuuliza khabari za ndege yule. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima mabegani mwake, alikaa na mtoto akamtajia huzuni yake. Sisi tungemwambia: "Nyamaza, ndege tu huyo!"

Hoja ya tatu wasema: "Huyo ana jini, mpelekeni akasomewe." Jawabu: Majini wapo, na mwenye kuwakanusha ameikanusha Kur-ani. Kisomo ni kheri, na mimi nasomea watu mpaka leo. Walakini si kila mtoto anayepiga kelele usingizini ana jini. Nimeona binti aliyefungwa kamba na kupigwa ili jini atoke, na kumbe aliyekuwa akimwingilia ni mtu wa nyumba ile ile, amekaa barazani anaitikia "Amin". Kama msiba wa mtoto ni binaadamu, ukamsingizia jini, umemwachia yule binaadamu nafasi ya kurejea.

Hoja ya nne, na hii ndiyo nzito kwa watu wetu wa pwani, wasema: "Sitara! Ya nyumbani hayatoki nje." Jawabu: Sitara ni nguo ya aliyeteleza akatubia. Si pazia la kumfichia mwenye kudhulumu. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura An-Nisaa, aya ya 148, kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha akamtoa katika hukumu hiyo mtu aliyedhulumiwa. Mola amempa mdhulumiwa ruhusa ya kusema. Wewe ni nani hata umnyang'anye?

Usidhani jambo hili ni la watu wachache. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima ya Tanzania, Bara na Visiwani, waliulizwa vijana wa miaka 13 mpaka 24. Ilionekana kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana kiasi cha 1 katika kila 7, walifanyiwa ubaya wa kijinsia kabla hawajatimia miaka 18. Na waliopata kipigo cha kudhuru walikuwa karibu robo tatu, wa kike na wa kiume. Hesabu watoto wa mtaa wako, kisha unambie sitara hii inamsitiri nani.

Hoja ya tano wasema: "Sisi tulipigwa, na tukawa watu." Hoja hii naijua sana, kwani miaka mingi ilikuwa hoja yangu mimi. Jawabu: Wewe unawahesabu waliokuwa watu. Umewahesabu waliokimbia chuo wasirudi tena? Umewahesabu wanaouona msahafu wakakumbuka maumivu kabla ya kukumbuka Mola? Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, aliandika kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kutezwa nguvu nafsi yake hubanika, uchangamfu humwondoka, naye hujifunza uwongo na hila ili aokoke na mkono ulio juu yake. Na wachunguzi wa zama zetu, katika khabari waliyoitoa mwaka 2014, waliwauliza wanafunzi 409 wa skuli ya msingi hapa Tanzania, wakakuta asilimia 95 wamewahi kupigwa na wazazi au walezi wao, na kuwa waliozidi kupigwa ndio waliozidi ugomvi na kukosa utulivu. Fimbo tunayodhani inatengeneza tabia yaonekana inakwenda pamoja na kuharibika kwake.

Na akiniletea mtu Hadithi ya kuwafundisha watoto sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa kuiwacha wakiwa na miaka kumi, nitamwambia: hesabu. Kati ya saba na kumi pana miaka mitatu, na kila siku ina sala tano. Hayo ni makumbusho zaidi ya 5,000 kwa ulimi na kwa kumshika mkono kabla ya fimbo kutajwa. Nani kati yetu aliyekumbusha mara elfu tano? Hata hapo Maulamaa wameshurutiza kuwa kipigo kisiumize, kisiwe cha usoni, wala kisiwe cha hasira. Na Hadithi yasema juu ya sala. Haikusema juu ya mtoto aliyechanganya siin na shiin. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utoto wake, na ametueleza kuwa hakupata kumwambia hata "ah!" Huyo ndiye mwalimu wetu. Bakora zetu tumezirithi kwa nani?

Sasa utaniuliza: "Kuzungumza tu kunatibu vipi?" Ni suala zuri. Mtoto aliyetishwa sana, mwili wake hubaki umekaa tayari kama kwamba adui yuko mlangoni, hata miaka ishirini baadaye. Moyo hudunda, mkono huinuka, usingizi huruka. Tena mtoto hujilaumu nafsi yake, husema: "Nilipigwa kwa kuwa mimi mbaya." Mshauri aliyefundishwa kazi yake humfundisha kwanza kutuliza mwili na pumzi, na kuitaja khofu kwa jina lake. Kisha polepole humwacha asimulie lililomfika, kidogo kidogo, mahali pa amani, mpaka liwe ni jambo lililopita, si jambo linalotendeka kila usiku. Na yale mawazo ya kujilaumu huyatoa moja moja, kama mtu anavyotoa miba.

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa kwetu. Watoto mayatima 640, wa miaka 7 mpaka 13, kutoka Moshi kwa upande wa Tanzania na Bungoma kwa upande wa Kenya, walitiwa katika uchunguzi ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020. Nusu walipata msaada wa kawaida wa mayatima. Nusu walikutana kwa wiki 12 katika vikundi, na walezi wao nao wakakutana, na kila mtoto akapata faragha ya kusimulia kifo cha mzazi wake. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa ni watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa. Tiba ilipokwisha, katika shamba na mji wa Kenya, na katika shamba la Tanzania, waliozungumza walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao. Katika mji wa Moshi tafauti haikudhihiri. Nayasema yote mawili, kwani dawa haifai kusifiwa kwa uwongo. Lakini hebu fikiri: kama mtu wa kawaida aliyefundishwa aweza kumwondolea yatima dhiki hii, jee, umma ulioamrishwa katika Sura Adh-Dhuha usimwonee yatima utajitetea kwa neno gani?

Nakurejesha Songea, kwani mji huu una somo. Mtaa wa Mahenge pana makumbusho ya vita vya Majimaji. Hapo yanakumbukwa majina ya mashujaa waliouawa na Wajerumani mwaka 1906, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Miongoni mwao ni Songea Mbano, ambaye mji wetu una jina lake. Sijamsikia mhubiri akiwaambia jamaa zake: "Sahauni, yamepita." Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Ilikuwa imekwisha pita miaka 117. Niliwaona wazee wakilia kwa jambo ambalo hata baba zao wengine hawakulishuhudia.

Nikarudi nyumbani nikijiuliza: ukoo mzima waruhusiwa kukumbuka kwa sauti jeraha la miaka zaidi ya mia, na mtoto mmoja haruhusiwi kulitaja jeraha la jana? Na ikiwa mkuu wa dola kubwa aliweza kusimama akasema, "Tulikosa", mimi maalim wa chuo cha mtaani nina utukufu gani unaonizuia? Siku ya Badri Mtume (S.A.W.) alipokuwa akizinyosha safu, alimgusa Sawad bin Ghaziyya tumboni kwa mshale, naye akasema ameumia na anataka haki yake. Mtume alilifunua tumbo lake tukufu ili Sawad alipe kisasi. Sawad alilikumbatia na kulibusu. Basi kama bora wa viumbe alimfunulia tumbo mtu aliyesema "umeniumiza", sisi twawafunika midomo wetu kwa ruhusa ya nani?

Nilimwita yule mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimwambia mbele ya mkewe: "Mwanangu, nilikupiga kwa hasira zangu, si kwa makosa yako. Niwie radhi." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia: "Maalim, hilo ndilo kombe nililolitaka siku ile."

Ewe mzazi, ewe maalim mwenzangu, shika haya machache. Mtoto akigeuka ghafla, akikojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, akikimbia watu, akimkataa mtu fulani wa nyumbani, usimpige wala usimwite shetani. Muulize kwa upole, na akikwambia, mwamini kwanza. Akiwa katika khatari, Tanzania na Kenya kuna simu ya watoto nambari 116, na katika vituo vya polisi vya Tanzania mna Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa ajili ya tiba, nenda hospitali ya mkoa au afisi ya ustawi wa jamii ukaulizie ushauri nasaha. Usione haya kwa kudhani kila aulizaye atafungiwa Mirembe au Kidongo Chekundu. Wengi huzungumza na kurudi makwao siku hiyo hiyo. Binti mtafutie mshauri mwanamke, na mlezi asiwe mbali. Mshauri akimwambia mgonjwa aache sala au avunje udugu, muache utafute mwingine, kama unavyomwacha daktari mbaya bila ya kuuacha udaktari. Na kisomo na dua usiviache. Vinakwenda pamoja na tiba, havipigani nayo.

Na wewe mtu mzima uliyebeba jambo hili miaka na miaka, si kosa lako, wala si upungufu wa imani yako kulitaja. Mtafute wa kukusikiliza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuondolee ugumu wa nyoyo, awaponye wale tuliowajeruhi kwa mikono na ndimi zetu, na atujaalie ujasiri wa kuwaomba radhi hapa duniani kabla ya Siku ambayo haki italipwa kwa mema yetu. Amin.

Wallahu aalam.